Muuguzi Asiyeuliza Hujambo

Hana barafu ya kupimia ganzi; jokofu la wodi lilishakufa. Hana msaidizi wa kumgeuza mgonjwa mzito. Hana kiti kisichoyumba. Na zaidi ya yote, hana pampu ya pili.

Saa moja asubuhi anaingia wodi ya upasuaji na kusimama kando ya kitanda cha seremala mmoja, aliyepasuliwa kongosho juzi. Hamsalimu. Analowesha pamba kwa spiriti, anaipitisha begani kwa mgonjwa, kisha tumboni, pembeni ya kidonda.

"Begani baridi?"

"Baridi."

"Na hapa?"

"Hapo kama unampapasa mtu mwingine."

"Vizuri. Kohoa."

"Ah, dada, hata salamu?"

"Kohoa kwanza, baba. Salamu utazikuta."

Seremala anakumbatia mto na kukohoa. Uso unakunjamana, lakini makohozi yanatoka. Mgongoni mwake umepachikwa mrija mwembamba kama uzi, na pampu ndogo inadondosha dawa ya ganzi karibu na neva za tumbo. Bila dawa hiyo, mtu aliyepasuliwa namna hii huogopa hata kuvuta pumzi.

Wagonjwa wamempachika jina: Bi Kohoa. Wapo wanaosema ana maringo.

"Waseme," anajibu. "Zamani nilikuwa nasalimia kuliko wote humu."

Miaka miwili iliyopita alimhudumia mzee mchinjaji, aliyepasuliwa vivyo hivyo. Kila muuguzi aliyepita alimuuliza, "Hujambo, mzee?" Naye alijibu, "Sijambo, mwanangu." Umeamkaje? Salama. Wakaandika kwamba hana maumivu.

"Alilelewa hivyo, na sisi tumelelewa hivyo," anasema muuguzi. "Mtu akikuamkia, humwagii shida zako."

Walipomgeuza kumwogesha, shuka lilikuwa limelowa. Jasho lilikuwa limelegeza plasta, mrija ukachomoka, na dawa ilikuwa ikinywewa na godoro. Tangu lini, hakuna aliyejua. Mzee alikuwa akipumua juujuu ili asiumie, na mapafu yalikuwa yamejaa makohozi. Mrija mwingine uliwekwa, lakini homa ya mapafu ilimchukua kabla ya wiki kwisha.

"Mkewe alinishika mikono akanishukuru. Alisema angalau mume wake hakuteseka." Muuguzi anatazama sakafu. "Sikumwambia habari ya lile shuka."

Tangu siku hiyo haulizi hali. Anagusa kwa pamba, anapapasa shuka, anapima shinikizo la damu, na anaamrisha kikohozi.

Leo kitanda cha mkabala kina mshonaji, mama wa watoto wanne, macho ya manjano kama kiini cha yai. Atapasuliwa Alhamisi. Daktari amesema uvimbe wake wa kongosho hausubiri. Pampu iko kwa seremala, na siku hiyo bado ataihitaji.

"Kwani hiyo mashine haina ndugu?" anauliza mshonaji.

"Mpeni, jamani," seremala anadakia. "Mimi sijambo."

Muuguzi anageuka ghafla. "Neno hilo usinitajie humu ndani! Ikitoka leo, kesho utaacha kukohoa. Tulia, baba."

Mshonaji anacheka kidogo, kisha anashika ubavu.

Hospitali ya ng'ambo ya mji ina pampu inayokaa kabatini. Muuguzi mwenzake wa huko ameiona. Bi Kohoa ameshaiomba kwa barua mbili. Hakuna iliyojibiwa.

Mchana, badala ya kula, anaandika ya tatu kwenye kile kiti kinachoyumba. Anataka pampu iazimwe, na ifike kabla ya Alhamisi.

"Zile mbili zilijaa adabu," anasema. "Natumaini hamjambo, sisi huku hatujambo. Wakasoma hatujambo, wakaiweka kando."

Barua hii haina salamu. Inaanza hivi: "Mgonjwa wetu atapasuliwa Alhamisi, na atapata maumivu ambayo ninyi mnaweza kuyazuia."

Gundi hakuna. Anaifunga bahasha kwa plasta ya kidonda, anaisugua kwa kidole gumba mara mbili, kama anavyofanya kwenye migongo ya wagonjwa. Kisha anatoka hadi uani, ambako gari la wagonjwa linalokwenda ng'ambo ya mji limeshawashwa, na kumkabidhi dereva barua mkononi.