Washa ya Shaba

Simu ya shemeji yake ilimkuta Chapuchapu amechuchumaa nyuma ya nyumba, akifuta oili iliyodondoka chini ya pikipiki. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiifuta kila asubuhi.

"Shemeji, kaa chini kwanza," sauti ikasema. "Kaka yako katutoka. Alisujudu swala ya alfajiri, hakuinuka. Tunazika baada ya alasiri."

Akasema Inna lillahi, tambara likiwa bado mkononi.

Marehemu alikuwa fundi pikipiki. Wateja walimwita Polepole, naye aliitika. Miaka ishirini na sita alifanya kazi chini ya bati lile lile, na kila nati aliianza kwa vidole, spana ikaja mwisho. Wenye haraka walimkimbia asubuhi, jioni wakamrudia wakiwa na nati zilizokatika vichwa. Mdogo wake alijifunza kazi kwake, lakini mkono wake ulikuwa wa haraka, ndiyo maana wakamwita Chapuchapu.

Waligombana kwa ajili ya pikipiki hiyo hiyo. Chapuchapu alikwenda kumtembelea, akabadilisha oili pale chini ya bati, na nati ya kumwagia oili huko chini ya injini, iliyovishwa washa, kipete cha shaba cha kuzibia, ikaanza kutoa jasho. Akachukua spana, akaichomekea bomba ili apate nguvu, akakaza.

"Wewe, unakaza nati au unamnyonga chatu?" kaka yake akauliza. Wateja wakacheka. "Washa imekufa, bwana mdogo. Shaba ikibanwa sana inakuwa ngumu, haizibi tena. Ichome moto ilainike, au chukua hii mpya."

"Baki na washa yako."

Akaondoka na hakurudi. Kila siku alijiambia ataenda kesho kuomba radhi.

Sasa kulikuwa na safari ya mwendo wa masaa matatu, na hakutaka ndugu yake ateremshwe kaburini na mikono ya watu baki. Akaongeza oili, akaikaza nati mara moja tena, kwa hasira, akapanda.

Katikati ya njia alihisi joto mguuni. Alipotazama, kiatu kilikuwa cheusi. Halikuwa jasho tena, oili ilikuwa ikitiririka. Akiendelea hivyo, injini ingekufa kabla hajafika. Akaegesha penye banda la mama muuza chai.

"Mama, nisaidie beseni safi. Na nina kachuma kadogo, naomba nikaweke kwenye makaa yako."

"Baba, hili jiko la chai au la mhunzi?"

"Kadogo tu, mama."

"Hata kibanzi ni kidogo, mpaka kiingie jichoni."

"Kaka yangu anazikwa alasiri."

Mama akatua kikombe. Akaipua birika, akayachochea makaa. "Weka, mwanangu. Mungu amrehemu."

Akafungua nati. Oili ya moto ikamwagika kwenye beseni, kisha ikawa uzi, kisha matone. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Kila tone lilimchoma moyo, akatamani kurudisha nati hivyo hivyo aondoke. Akajizuia. Meno ya nati, kwa rehema ya Mungu, yalikuwa mazima. Washa ilikuwa imepondeka upande mmoja, ngumu kama ukucha.

Aliisugua kwenye jiwe mpaka ikawa bapa, akaiweka kwenye makaa. Ilipoiva ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Ikalia tsss. Akaifuta, akalifuta tundu la injini kwa kona ya shati lake, akaanza kuzungusha nati kwa vidole. Ikakwama. Akairudisha nyuma, akaanza upya. Mara ya tatu ndipo ilipoingia yenyewe. Mwisho akashika spana karibu na kichwa cha nati, akabana kidogo, akaacha. Akaimimina oili tena ndani, akawasha, akainama kutazama.

Pakavu.

"Imeshika?" mama akauliza.

"Imeshika, mama."

"Basi nenda. Na usikimbize, tusije tukakulilia na wewe."

Alifika jeneza likiwa limeshatoka msikitini, limekaribia makaburi. Akanawa mikono kwenye bomba la maji penye lango la makaburi, lakini weusi wa kucha haukutoka. Jirani mmoja alikuwa tayari ndani ya kaburi. Alipomwona, akampa mkono.

"Shuka, tulikuachia nafasi ya kichwani."

Akashuka. Wakampokea Polepole, mwepesi kuliko alivyomdhania, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ilikuwa kazi yake kulegeza fundo la sanda upande wa kichwa. Lilikuwa limekazwa. Akaliendea kwa vidole, taratibu, watu wakisubiri juu. Alipokuwa ameinama hivyo akasema, "Kaka, nisamehe. Ningekuja." Jirani alisikia, akatazama pembeni.

Fundo likalegea. Wakapanga mbao, wakapanda juu. Chapuchapu akatia udongo mara tatu kwa mkono, halafu wenye majembe wakaendelea. Kaburi likamwagiwa maji. Imamu akaomba dua, watu wakaitikia amina, wakaanza kutawanyika. Yeye alibaki mpaka alipoondoka wa mwisho, kisha akaenda nyumbani kumwambia shemeji yake kwamba mumewe amezikwa, na amezikwa vizuri.