Nilivyowatafsiria Wenzangu Filamu ya Kimisri

Katika Waswahili waliofika Guangzhou kununua mali mwishoni mwa miaka ya tisini, wachache walinifikia. Shule niliishia darasa la nne, na kontena zima nilikuwa najaza peke yangu. Ila wiki ile nilikuwa nimechoka. Viatu nilivyonunua soko la Zhanxi vilikwama bandarini Huangpu, wakala haonekani, mvua haikatiki, nasi wageni wa hoteli tumekaa tu chumbani kwangu tunaangalia sidi aliyoiacha Myemeni mmoja. Filamu ya Kimisri, ambayo hata Wamisri niliokuja kuwauliza hawakuijua: ofisa wa polisi mwenye kitambi anamwinda muuza dawa za kulevya.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kichina. Mama mmoja wa Unguja, mwenye duka la mapazia, akaniuliza, "Kaka, wasemaje hawa?"

Nami nilikuwa nimeshatangaza kwamba Kiarabu nakijua. Ukweli ni kwamba nilikhitimu msahafu mara mbili madrasa. Kusoma nasoma, maana ndiyo sina. Nikatafsiri hivyo hivyo. Muuza dawa alipomkabidhi mwanamke furushi stesheni, nikasema, "Anamwambia, nifikishie kwa mama, ni dawa za hospitali tu." Ndiyo maneno tuliyokuwa tukiambiana kila mtu akisafiri. Hakuna aliyerudi nyumbani bila kifurushi cha mwenzake. Mwanamke wa kwenye filamu akakamatwa, analia.

Mama wa Unguja akainuka, akaenda zake kabla haijaisha.

Asubuhi akanijia Mzanzibari mwenzake, mwanafunzi wa udaktari, kifurushi mkononi. Mama yule alikuwa amekubali kumpelekea mzazi wa mwanafunzi huyu dawa za figo, sasa amezirudisha, na anaruka kesho. "Kule zimebaki za siku chache," akasema. "Mzee, wewe anakusikiliza."

Nikaenda. Nikamkuta chumbani kwake.

"Dada, maneno ya jana niliyatunga. Kiarabu sijui."

"Najua," akasema, anafunga sanduku lake. "Yule askari anacheka, wewe wasema anatukana. Lakini mie nina watoto watano, kaka, na nishaogopa. Chukua wewe, si mwanamume?"

Tiketi yangu ilikuwa ya siku mbili mbele, viatu viwe vimepakiwa au la. Nikamwambia mwanafunzi nitabeba. Halafu mimi, niliyebeba vifurushi vya watu miaka yote bila kuuliza, nikamkalisha kitandani, nikakata kamba. Nikafungua pakiti moja moja. Nikanusa mizizi ya dawa za Kichina, nikamimina vidonge kwenye sahani, nikabonyeza pembe za boksi. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

"Umemaliza, mzee?"

"Bado mfuko huu."