Kosa Aliloachiwa

Jirani yangu wa meza ana vidole visivyojua kutulia. Tangu kampuni kubwa ilipomshtaki, ikidai programu yake ya kupanga foleni za wagonjwa ameiiba kwao, wakili wake amempiga marufuku kuigusa mpaka kesi iishe. Basi vidole vinaandika juu ya goti, juu ya meza tupu, juu ya kikombe cha chai iliyokwisha poa. Programu yenyewe aliigawa bure, kila mtu aifungue, aone ilivyoundwa, airekebishe. Sasa watu asiowajua hata kwa sura ndio wanaoitunza, na wengine wanachimbua nakala zao za zamani wampelekee wakili ziwe ushahidi kwamba ni yake. Kila asubuhi anafungua ukurasa wao, anasoma walichorekebisha, midomo ikimcheza, kama baba anayewatazama wanawe wakicheza nje na yeye kalazwa. "Wanaweza, dada," ananiambia.

Jana aliona kosa: jina la mgonjwa linatokea mara mbili. Akaruka kitini. "Hili hata aliyeanza kazi jana angelirekebisha! Mbona wameliacha?" Nikasogea, nikamsomea walichoandika chini ya kosa hilo: "Hili msiliguse. Ni la mwenyewe, akirudi." Na chini zaidi, nesi mmoja kaongeza: "Sisi tutavumilia majina mawili."

Aliisukuma mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.