Turbo ya Mume Wangu

Nilisema sentensi moja tu. Nilikuwa nimerudi kutoka Kambove, ninakofundisha kemia, baada ya kufuata lori la madini njia nzima nikila vumbi lake, nikamwambia mume wangu kwamba motokari yetu haiwezi kumpita hata mbuzi mwenye mimba. Wanawake wengine wakilalamika hununuliwa kitenge. Mimi niliwekewa turbo.

Mume wangu hutengeneza mashine za kusaga mawe kule Kakontwe, kwa hiyo anaamini hakuna chuma kisichomtii. Motokari yenyewe ilikuwa ya Kijapani, kuukuu, na ilikuwa inawaka kila asubuhi. Nadhani hilo ndilo lililomkera.

"Bibi yangu, hii motere iko na nguvu," aliniambia siku alipoleta turbo aliyoing'oa kwenye kamioneti ya mizigo iliyopinduka. "Inakosa tu mupepo."

Alinieleza vizuri kabisa. Moshi unaotoka unazungusha feni ndogo, feni inasukuma hewa ndani ya injini, petroli nyingi zaidi inaungua, nguvu inaongezeka. Alichoruka ni sehemu inayosema kwamba joto nalo linaongezeka. Mimi mwalimu wa kemia nilipaswa kumuuliza. Sikuuliza. Nilikuwa nimechoshwa na malori.

Mabomba yalichomelewa na mtu anayetengeneza mageti, na kwa kweli yalikuwa na maua. Kwa wiki tatu tuliruka. Mume wangu alianza kwenda sokoni kununua vitu ambavyo tulikuwa navyo.

Kisha ikafika siku ya kumtembelea binti yetu shuleni, Mulungwishi. Mama yangu alikaa mbele, rozari mkononi. Mimi nilikaa nyuma na sufuria ya samaki. Kwenye mlima tukalikuta lori limejaa madini, linapanda kwa kuguna.

"Mukwe wangu, enda polepole," mama alisema. "Bikira hana haraka."

"Usiogope, mama. Sasa iko na turbo."

Tulilipita. Nakiri tulilipita, na kwa muda huo mfupi nilimpenda mume wangu sana. Halafu nikasikia sauti kama changarawe ndani ya bati, moshi ukajaa nyuma yetu, na injini ikazima. Tukasogea kando ya barabara kwa upole wa msiba. Lori likatufikia, likasimama. Dereva alishuka, akaitazama motokari, akamtazama mume wangu.

"Papa, ulinipita na haraka," alisema. "Ulishafika?"

Alitufunga kwa mnyororo, akatuvuta hadi langoni mwa shule. Wazazi wote walikuwa wamesimama pale. Binti yetu alituona, akageuka kusoma tangazo la ukutani kwa bidii ambayo matokeo yake ya mtihani hayajawahi kuionyesha.

Injini ilipofunguliwa nyumbani, alikuja jirani yetu, shemasi wa kanisa la kilokole, ambaye zamani alitengeneza malori makubwa ya mgodi. Alichukua pistoni moja, akaniangalia kupitia tundu lililokuwa katikati yake.

"Uliwasha moto wa kuyeyusha shaba," alimwambia mume wangu, "halafu ukaubandikia sufuria ya kusongea bukari. Unaipatia petroli chafu ya chupa za barabarani, mupepo mingi, na hauipatie baridi."

Nilimuuliza kama maombi hayangesaidia.

"Maombi ni ya bantu, mama. Motere inaomba radiateri."

Baada ya hapo nilikwenda kazini kwa pikipiki ya kukodi, nikiwa na mengi ya kusema, na niliyasema yote. Siku moja nilimkuta mume wangu ameketi kando ya injini iliyo wazi, mikono mitupu.

"Si ulisema haipite mbuzi," aliniambia.

"Nilisema tu."

"Weye unasema tu. Miye nasikia."

Nilivuta kigoda, nikaketi upande wa pili wa injini.

Walianza upya, yeye na shemasi, na safari hii polepole kama watu waliokwisha aibika. Pistoni ngumu zaidi ziliagizwa Lubumbashi. Walitafuta radiateri kubwa, na nyingine ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia. Waliipunguza nguvu ya turbo karibu nusu. Mume wangu alilikubali hilo kwa uso wa mtu anayetoa figo. Chupa za petroli za kando ya barabara zilipigwa marufuku.

Kazi ya pete za pistoni ikawa yangu. Kwenye turbo zinahitaji nafasi kubwa kidogo kati ya ncha zake mbili, kwa sababu zikipata joto zinavimba na kubanana. Nafasi hiyo hupimwa kwa kibao chembamba cha chuma, na mume wangu haoni vitu vya karibu, ingawa ukimtajia miwani anaona umemtukana. Basi Jumapili moja baada ya misa niliketi kwenye meza ya chakula, nikapima na kupiga tupa, pete baada ya pete, naye kanishikia taa mchana kweupe.

"Hii?"

"Bado kidogo."

"Na hii?"

"Hii imetosha. Usiiguse."

Ni mwaka wa pili sasa, na injini haijazima njiani. Baada ya jasho lote hilo tuna motokari inayokwenda karibu sawa na zamani, ila inapiga mluzi. Mlimani inapita lori, bila fujo. Mara ya kwanza nilipopita moja peke yangu nilijikuta nacheka kwa sauti, nikashukuru hakuna mwanafunzi wangu aliyeniona.

Kabla ya kuzima lazima uiache iungurume dakika moja, turbo ipoe. Mume wangu ni mkali sana kwa hilo. Kwa hiyo kila jioni, nikishampitia kazini kwake, tukifika nyumbani tunabaki ndani, milango imefungwa, hakuna pa kukimbilia, na tunalazimika kuzungumza. Jana aliniuliza habari za darasa langu. Nilipomaliza kumjibu, dakika ilikuwa imepita zamani.