Okestra ya Midomo

Enzi zetu, kwaya ilikuwa kazi ya mapafu. Tulipokuwa darasa la saba kule Kakamega, Mwalimu Wafula alituletea wimbo mrefu wa Kiingereza, uliotungwa kwa ajili ya kwaya kubwa, ogani na okestra nzima. Okestra hatukuwa nayo. Tulikuwa na kinanda cha kukanyaga kilichokohoa kama mzee mwenye pumu. Mwalimu hakubabaika. Aliandika sauti zote ubaoni kwa do-re-mi, akawapa wavulana waliovunja sauti kazi ya tarumbeta, na sisi wasichana wa nyuma tukawa fidla. Kwa midomo. Tulifanya mazoezi na njaa zetu, tukinuka moshi na mafuta ya kujipaka. Nyumbani nako nikaendeleza, hadi mama akaniambia, "Wewe endelea tu kulia kama paka jikoni mwangu. Uji utaupika mwenyewe."

Siku ya mashindano ya wilaya, majaji walicheka tulipoanza. Tulipomaliza hakuna aliyecheka.

Pasaka iliyopita, hapa Missouri City, kando ya Houston, kanisa letu likaamua kuimba wimbo uleule, mimi nikiongoza. Mazoezini vijana walikuwa "busy" siku zote, lakini wakaapa kwamba wanajifunza nyumbani. Siku yenyewe wakajipanga, sare zinameremeta. Ogani na okestra vikatoka kwenye kompyuta, pamoja na sauti za kwaya ya watu wengine kabisa. Vijana wetu wakawa wanafungua na kufumba vinywa kama samaki. Nikamtazama binti yangu Neema, aliyesimama mbele.

"Mum, relax," akaninong'oneza. "Hakuna mtu ata-notice."

Nikaenda nikazima spika.

Walibaki wameachama, pumzi tu. Ndipo Baba Imani, muuguzi mwenzangu aliyeimba wimbo ule sekondari, akasimama kwenye viti vya katikati akashika besi. Wa rika letu, waliowahi kuuimba shuleni, wakamfuata, sauti zimechakaa, noti za juu zikitushinda. Tukaufikisha mwisho hivyo hivyo.

Garini Neema alinuna mpaka karibu na nyumbani. "You embarrassed me," akasema.

"Nilikukuta umeshaaibika," nikamjibu.

Siku hizi kila mtoto ana okestra mfukoni, isiyochoka wala kukohoa, na hajui hata sauti yake mwenyewe ikoje. Sisi tulikuwa na chumba cha mabati kilichotetemeka tukiimba. Nimeshakaa kwenye kumbi kubwa za Houston, viti vya mahameli, ogani yenye mabomba hadi darini. Kuta hazijatikisika bado.