Kompyuta ya Zamani Ndani ya Mpya

Jumatatu saa nne asubuhi, kompyuta ya parokia yetu hapa Mpanda iliwekewa mfumo mpya, na programu ya kuandikia noti za muziki ikakataa kufunguka. Humo marehemu mume wangu, mwalimu wa kwaya, aliandika wimbo wake wa mwisho. Tulitaka kuuimba Jumapili kwenye misa yake ya kumbukumbu.

Fundi aliyeuweka mfumo huo hakushtuka. "Mama, nitaiweka kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya, kwa programu inayoiigiza. Itafanya kazi ikidhani bado ni enzi zake."

"Hii mpya haitaona wivu?" akatania mwenyekiti wa kwaya.

"Nyie tulieni," akajibu fundi.

Dirisha dogo likafunguka kwenye kioo, wimbo ukaanza kulia, besi ikatangulia kama mume wangu alivyopenda. Kumbe kazi hiyo ya kuyaweka ya zamani ndani ya mapya, sisi wajane tunaifanya kila siku bila kuisomea.

Jumapili tuliimba. Ee Bwana, mpokee mwalimu wetu, umpe nafasi katika kwaya yako.