Gari Bila Namba

Polisi alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimekaa eda, na mavyaa, mamake marehemu mume wangu, hakujua amkaribishe wapi. Mwanamume mgeni haketi na mjane aliye ndani. Mwishowe akamwekea kiti barazani, mimi nikakaa nyuma ya pazia la mlango, nikawa naviona viatu vyake tu.

"Pole sana, mama," alisema. "Hiyo gari haikuwa na namba."

Alikuwa mtu wa bara. Nakumbuka vizuri nilichofikiri: asema *hiyo gari*, hasemi *gari hilo*. Mume wangu alikuwa amezikwa juzi tu, nami nimekaa nyuma ya pazia nasahihisha Kiswahili cha polisi. Nilikuwa bado sijalia. Wanawake waliokuja matangani walinitazama wakingoja nilie, kisha wakalia wao.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani Changamwe, na sisi twakaa Miritini. Kila asubuhi baada ya sala na chai alitoka kwa baiskeli, akapita kando ya barabara sambamba na malori, na kwa kuwa alirudi kila jioni niliacha kuogopa. Siku ile alitoka akiuliza kama jioni kutakuwa na samaki. Nikamwambia nitaangalia. Gari dogo jeupe likamgonga kwa nyuma, likasimama kidogo, kisha likaenda zake. Mama mmoja auzaye viazi karai pale kando aliliona. Alitazama nyuma ya gari aishike namba, akakuta patupu.

"Sasa gari lisilo na namba mtalipataje?" mavyaa alimuuliza yule polisi. "Magari meupe Mombasa ni mangapi?"

"Mengi, mama. Lakini taa yake ilivunjika."

Alituonyesha vipande, vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mavyaa akavichukua, akanipitishia chini ya pazia. Kwenye kipande kimoja palikuwa na maandishi madogo sana. Polisi alieleza kwamba kiwanda cha taa huweka alama yake, na alama hiyo humwambia ni taa ya gari la aina gani, na ya upande upi. Hii ilikuwa ya kushoto. Kazi yake sasa ilikuwa kupita kwenye maduka ya vipuri na kwa mafundi, aulize ni nani aliyetafuta taa ya kushoto ya gari la namna hiyo. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine. Nikamrudishia mavyaa vile vipande.

Polisi alilipata gari Kisauni, kwenye gereji, limefunikwa turubai. Halikuwa jeupe tena, lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu. Taa ya kushoto ilikuwa mpya na ya kulia imefifia. Fundi alisema kuna mtu asiyemjua aliyeliacha pale, akaapa wallahi hamjui.

Polisi alirudi kutueleza, akasema nahitajika kituoni nikaitambue baiskeli. Mimi nilikuwa tayari kukataa kwa sababu kukataa kulikuwa rahisi kuliko kuvaa viatu. Lakini mavyaa akaenda kumuuliza sheikh wetu, akarudi akanisimamia mlangoni.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Sheikh asema mwenye haja atoka mchana na kurudi. Hii ni haja. Vaa twende."

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya kituo, gurudumu la nyuma limekunjika. Nilisema ndiyo, ni yake. Polisi akaniuliza naijuaje, maana baiskeli za namna ile ni nyingi. Nikamwambia ni ile rangi. Mume wangu alipomaliza kupaka milango ya nyumba, ilibaki rangi ya kijani kidogo mkebeni, naye hakupenda kutupa kitu, akaipaka baiskeli. Ilikauka na michirizi. Nilimcheka wiki nzima.

Polisi alinitazama, kisha akatuita kwenye gari lenyewe. Lilikuwa uani pamoja na magari mengine yaliyokamatwa. Walikuwa wameifungua bampa ya mbele. Ndani ya ukingo wake, mahali ambapo brashi ya fundi haikufika, palikuwa na mchirizi mwembamba wa kijani.

"Ni rangi hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

Mavyaa aliinama, akashika magoti yake. Mimi nilisimama tu nikautazama ule mchirizi. Nilitambua kwamba hapa ndipo mtu anapopaswa kuanguka, au kupiga kelele, na nilingoja nione kama nitaanguka. Sikuanguka. Niliona kiu.

Yule polisi alituonyesha pia pale namba ya chesisi ilipokuwa, mbele ndani ya boneti. Ilikuwa imesuguliwa kwa tupa mpaka chuma kikang'aa. Alisema mwenye kufuta hufuta ile anayoiona. Gari aina hii hugongwa namba mahali pengine tena, chini ya zulia la kiti cha abiria, na huko hawakufika. Kwa namba hiyo aliuliza forodha, wakamwambia gari lilishushwa bandarini karibuni, halijasajiliwa, na mwagizaji ni muuza magari mmoja wa Changamwe. Huyo muuza magari alishangaa kuona polisi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameripoti kwamba gari limeibwa. Dereva wake, aliyetumwa kulileta yadi, alimwambia wezi walimshusha njiani. Asubuhi ileile.

"Wezi gani hao," polisi alisema, "wanaiba gari, halafu wanakimbia kulitengeneza taa?"

Alimkamata dereva nyumbani kwake Likoni. Yule fundi wa Kisauni alipoletwa mbele yake, hakuapa tena, alisema ndiye aliyeliacha gari.

Siku ileile polisi alifika kwetu na kisu kidogo, akabandua rangi kwenye mlango wa chumba chetu ipelekwe kwa wataalamu kulinganishwa. Aliomba radhi mara nyingi kwa kuuharibu mlango. Nilimwambia abandue tu.

Eda ilikuwa imekwisha kesi ilipoanza kusikizwa. Dereva alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono ambayo aliikunjakunja mikononi. Wataalamu walisema rangi ni moja. Alikiri. Alisema alisimama, akamwona amelala hasogei, akaogopa watu wangempiga. Akalia mbele ya hakimu, akaniangalia mimi. Nilijaribu kumchukia. Nilijaribu kama mtu anayejaribu kuwasha kiberiti kilicholowa. Hakimu akamfunga.

Nje ya mahakama mwanamke mmoja wa rika langu alikuja akaketi kwenye benchi nililokalia. Alimwamkia mavyaa shikamoo, kisha akaniambia yeye ndiye mkewe.

"Mimi sikujua, dada," alisema. "Alirudi siku hiyo akala, akalala. Akaniambia gari limeibwa, nikamwonea huruma. Nilimpikia."

"Alikula?" niliuliza. Sijui kwa nini nilitaka kujua.

"Alikula."

Alitaka kuniomba msamaha, nilimwona akitafuta pa kuanzia, nikamwambia wewe huna kosa, hukuwamo garini. Akaanza kulia. Mavyaa, aliyefiwa na mwanawe wa pekee, akasogea akamshika mkono, akamwambia, "Basi, mwanangu, basi." Mimi nilikaa katikati yao na chupa ya maji. Nikampa yule mwanamke, akanywa, akanirudishia, nami nikanywa.

Kisha yeye akaenda kuagana na mumewe kabla hajapandishwa karandinga la magereza, na sisi tukatafuta tuktuk. Njiani mavyaa aliuliza tupike nini. Nikamwambia chochote. Akasema kuna mchicha. Tulifika nyumbani, nikauchambua mchicha, nikauosha, nikauweka motoni, na jua lilikuwa bado kali nje.